Kofia ya "Wakati wa Mfalme" Niliyouziwa Mji Mkongwe: Leo Tunaifungua

Assalamu alaykum jamani, karibuni. Leo mezani nna kofia mbili, zile za maofisa wa jeshi, ukingo mgumu mweusi mbele na juu pana kama sinia. Hii ya kaki nimeinunua Mji Mkongwe kwa laki na ishirini, mwenyewe alianzia laki mbili na nusu, tukavutana weeee mpaka adhana ya laasiri ndo akalegea. Maneno yake: "Shekhe, hii ya KAR hii, wakati wa Mfalme, babako hajazaliwa." KAR ni King's African Rifles, jeshi la Muingereza huku Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Na mie lile taji la shaba lilishanikaa machoni, nkatoa pesa. Nichekeni, lakini msiondoke.

Tuanze na taji kwa sababu ndo lililoniuza. Beji za Muingereza zina taji juu, na taji lina wakati wake. Likiwa limeviringa juu kama kuba la msikiti, hilo la Mfalme, lilitumika kuanzia 1901 mpaka George wa Sita alipofariki 1952. Likiwa limebonyea katikati, mabega mawili yameinuka pembeni, hilo la Malkia Elizabeth, kuanzia 1953 hivi. Hili langu ni kuba. Kwa hiyo ya kabla ya 1952, si ndo? Ndo hapo sasa! Charles aliposhika 2022 akalirudisha taji la kuba, kwa hiyo leo hii kuna beji mpyaaa zina taji lile lile. Na hata beji ikiwa ya zamani kweli, beji ni kitu cha kuchomoa na kuchomeka, dakika moja tu.

Sasa angalieni, nasogeza kamera. Naitoa beji... nyuma ina vijipete viwili vinaingia kwenye kitambaa, vinazuiwa na pini. Tazama kitambaa chini yake. Kofia iliyokaa na beji yake miaka, jua limeipiga kote isipokuwa pale palipozibwa, kwa hiyo ukiitoa lazima ukute kivuli, umbo la beji limebaki na rangi nzito. Hapa kivuli kipo, lakini kikubwa kuliko beji! Kinatokeza huku, na huku, na kuna matundu mengine mawili ya zamani hayana kazi. Yaani hapa alikaa mpangaji mwengine kabla ya huyu. Afu geuza beji yenyewe, ya zamani ilipigwa kwa muhuri wa chuma kwenye bati la shaba, kwa hiyo nyuma utaona umbo lile lile limeingia ndani. Hii yangu nyuma ni bapa, ina vishimoshimo kama maandazi yaliyozidi hamira. Imemiminwa kwenye kalibu, hiyo.

Haya, tuingie ndani, na mie sasa hivi nikishika kofia yoyote naanza ndani, nje nakuja kuangalia mwisho. Huu ukanda unaogusa paji la uso, unauinua polepole kwa mpini wa kijiko, msivute maana ngozi ya zamani kwa joto letu na chumvi hii ya bahari inakatika kama kaki ya biskuti. Chini yake ndo lebo hujificha. Kofia ya Muingereza ya enzi zile unatafuta kimshale kama unyayo wa kuku, alama ya mali ya serikali, mara nyingi pembeni yake pana mwaka. Mie nimekuta nini? Namba ndefu, inaanza 8405, kisha 99. Hizi ni namba za bohari za NATO, umoja wa majeshi ya nchi za Magharibi, 8405 ni kundi la nguo za kiume za nje, 99 ni Uingereza, na Muingereza kaanza kuzitumia namba hizi baada ya Mfalme George kufariki. Baada ya kufariki! Sasa huo wakati wa Mfalme uko wapi?

Na tena, askari wa KAR ukiwaangalia kwenye picha za zamani za gwaride wamevaa tarbushi, kofia kama hizi zilikuwa za maofisa wa Kizungu. Lilinipita hilo kwa tamaa.

Kitu chengine, hii taa ya kukagulia noti bandia, nimeazima dukani kwa jirani. Zima taa... tazama uzi wa mshono unavyong'ara bluu. Nyuzi za siku hizi zina dawa ya kung'arisha, imeenea baada ya vita vya pili. Lakini msihukumu kwa hii peke yake, maana kofia ya zamani ikifuliwa kwa sabuni ya unga ya kisasa nayo itang'ara.

Ya pili hii haraka haraka, ya Mrusi, nimepewa na mzee mmoja wa Michenzani iko kwenye kasha lake miaka yote. Utepe mwekundu, maana yake jeshi la nchi kavu, askari wa miguu, ingekuwa mweusi ni vifaru au mizinga, bluu ni anga. Ndani mhuri wa wino, saizi 57, hiyo ni sentimita za mzunguko wa kichwa, na mwaka 1978. Beji ina kivuli chake hasa. Haina makeke, kila kitu kinasema mwaka mmoja. Hii nampa 9 kwa 10, moja nimekata kwa kuvu.

Na mkiuziwa kepi ngumu ya jeshi la nchi kavu la Mchina eti ya 1970, kimbieni. Walizifuta 1965, wakazirudisha 1985.

Mnaouliza mbona sizivai: sare za jeshi kwetu raia havai, mie sitaki kwenda kujieleza kituoni kwa ajili ya kofia.

Ile ya kaki 3 kwa 10, kama kofia isiyo ya wakati wa Mfalme ingekuwa elfu thelathini tu. Nilimrudia yule bwana juzi nimeibeba na lebo wazi, nkamwambia ami, hii namba ya NATO, si ya wakati wa Mfalme. Akavaa miwani, akaisoma taratibu, akanirudishia. "Mwanangu, laki lile la taji. Kofia nilikupa kwa ishirini."