Uzoefu wangu: tuisheni ya Kiingereza ya jioni hapa Kirumba, Mwanza

Jina la tuisheni nalihifadhi maana nina malalamiko pia. Mimi nipo mapokezi kwenye lodge, wageni wetu wengi wanaenda kisiwa cha Saanane au Serengeti, kwahiyo kutwa nzima ni kuuliza na kufikisha ujumbe, mgeni kasema hivi, bosi kauliza vile, na hapo ndo Kiingereza cha shule kinakukimbia.

Ticha kaanza na maswali. Sisi unasema "Unaenda wapi" imeisha hiyo, kwao neno la kuuliza linatangulia, halafu do, does au did inakaa kabla ya mtenda, na did ikishaingia kitendo kinarudi umbo lake la mwanzo, "Where did you go?" sio "Where did you went?", maana wakati uliopita umeshabebwa na did, haubebwi mara mbili. Ila who ikiwa ndo mtenda mwenyewe did haihitajiki, "Who called you?", ukitaka kujua unayemuuliza ndo alimpigia nani, did inarudi, "Who did you call?" Aisee hii shuleni sikuwahi kuelezwa! Halafu anawapanga wawili wawili, mmoja muuza dagaa wa soko la Mwaloni mwingine mteja, swali likikosewa muuzaji anapandisha bei, kuna dada kisado kimoja kilimfikia bei ya gunia darasa zima hoi.

Kuripoti maneno ya mtu ndo kazi ilipo. Mgeni kasema "I will leave tomorrow", ukija kuhadithia baadaye ni "He said he would leave the next day". Kwetu ni "alisema ataondoka", ile -ta- haiguswi, ndo maana wengi tunateleza. Ila jambo likiwa bado ni kweli si lazima urudishe wakati nyuma, "He said Mwanza is on the lake" ni sawa tu, ziwa halijahama. Na swali likisharipotiwa linaacha kuwa swali, did inatoka, alama ya kuuliza inatoka, "He asked where I lived", la ndiyo au hapana unaweka if au whether. Halafu ni "He told me", sio "He said me", hii naisikia kila siku hata kwa mabosi.

Sasa kero. Ada wanataka yote mwanzo wa mwezi, risiti ukiidai unaonekana mkorofi, madaftari yanakaa kwa ticha mpaka unasahau uliandika nini, na umeme ukikata kipindi kimekufa hakifidiwi.

Kama ndo unaanza kabisa utaachwa njiani, jamaa anaenda kasi. Ila kama maneno unayo na sentensi ndo zinagoma, lipa mwezi mmoja uone, na chagua kundi la saa kumi na moja, lile la saa moja usiku limejaa halafu usafiri wa kurudi Igoma muda huo ni vita.