SSD ya kufufulia laptopu: mpangilio wa fundi wa Ngamiani

Mteja akiniletea laptopu "nzito" hapa Ngamiani, siulizi kwanza ana shilingi ngapi. Nafungua mfuniko wa chini nione inakula SSD gani, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka. Nyingi zinazotufikia Tanga ni mtumba wa ng'ambo wenye diski ya kuzunguka ya inchi 2.5, na hizo zinataka SSD ya SATA, kiunganishi kilekile cha diski ya zamani. Za karibuni zina nafasi ya M.2, kijiti chembamba kama RAM. Hapo ndipo watu hupigwa: kuna M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe (njia ya kasi zaidi), zinafanana kama mapacha, na ukikosea mashine haiioni kabisa.

Kwa SATA, namba moja yangu ni Samsung 870 EVO. Ya 500GB ina waranti ya miaka 5 au terabaiti 300 za kuandikwa, kitakachotangulia. Ukiandika 20GB kila siku utazimaliza baada ya miaka 41. Laptopu yenyewe itakuwa imeshakwenda chuma chakavu. Ya pili ni Crucial MX500: miaka 5 pia, terabaiti 180. Ila kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) naipandisha hii juu, kwani imeundwa kulinda data iliyokwishahifadhiwa umeme ukikatika ghafla. Na umeme wetu mnaujua.

Mfuko ukibana, chukua Kingston A400 ya 480GB. Haina DRAM, kumbukumbu ya haraka ya kuisaidia, kwa hiyo ukihamisha mafaili makubwa huchoka njiani, na waranti ni miaka 3. Kwa Excel na hesabu za duka inatosha sana.

Wenye NVMe, WD Blue SN580. Husoma hadi MB 4,150 kwa sekunde, wakati SATA hugota kwenye 550 hivi. Usitegemee Windows iwake mara saba haraka zaidi, lakini.

Mkiani kabisa ni zile zisizo na jina. Kuna mteja alinunua ya nje, imeandikwa 2TB, kwa bei ya chipsi kuku za familia. Nilipoibandua, ndani mlikuwa na memori kadi ya simu imegandishwa kwa gundi. Ukishanunua, ijaze yote kwa programu ya H2testw, inayopima kama ukubwa ulioandikwa ni wa kweli, risiti ikiwa bado mfukoni. Huchukua saa nyingi; iwashe jioni, uiache ikeshe ikifanya kazi.