TAHADHARI: Mitungi ya hewa ya bunduki za upepo inayouzwa katika makundi yetu hapa Uingereza

Ndugu zangu mnaopenda kulenga shabaha kwa bunduki za upepo, naandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji mmoja anayepitapita katika makundi ya simu ya Waswahili tuishio Uingereza, akiuza kwa bei ya kutupa mitungi ya hewa ya shinikizo kubwa ya kujazia bunduki hizo, iliyokwisha kutumika. Jina lake sitalitaja, kwanza kwa sababu malalamiko yamekwisha kufikishwa panapohusika, na pili kwa sababu amekuwa akibadilisha jina na namba ya simu kila anapogunduliwa. Nitaeleza bidhaa zake na maneno yake, maana hayo hajabadilisha.

Inafaa kwanza kueleza kwa nini amechagua mitungi na si bunduki. Katika England na Wales, mtu mzima aliyetimiza miaka 18 anaweza kununua bunduki ya upepo yenye nguvu isiyozidi futi-pauni 12 (kipimo cha nishati ya risasi inapotoka mtutuni) bila kuhitaji cheti cha polisi, lakini sheria ya 2006 inamtaka mfanyabiashara awe amesajiliwa na amkabidhi mnunuzi bunduki hiyo ana kwa ana. Mtungi wa kujazia hauna sharti la namna hiyo. Unaweza kupakiwa ndani ya boksi na kufikishwa mlangoni kwako na mtu usiyemjua sura. Wakati huohuo kila aliyenunua bunduki ya kujazwa hewa hukumbana mapema na swali la hewa yenyewe, kwa kuwa bunduki nyingi za aina hiyo hujazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo), na nyingine baa 250 au zaidi, ilhali tairi la gari dogo hubeba baa 2 na kidogo. Pampu ya mkono inachosha, kompresa nzuri ni ghali, na mtungi mpya wenye vifaa vyake vyote unaweza kukaribia bei ya bunduki. Hapo ndipo anapojitokeza mtu anayekusalimia kwa Kiswahili kizuri, akakuita ndugu, akakuuliza kwenu ni wapi, kisha akakutajia nusu ya bei ya dukani.

Mitungi yake ni ya namna mbili, nami nimeiona yote baada ya wenzetu kuinunua na kuipeleka kwa mpimaji wa mitungi.

Ya namna ya kwanza ni ile myepesi iliyozungushiwa nyuzi za kaboni, ya lita 6.8 na baa 300, ambayo yeye husema imetoka kwa vikosi vya zimamoto. Hilo linaweza kuwa kweli kabisa, na ndilo linalotakiwa kumtia mnunuzi shaka. Mitungi ya aina hii huwa na ganda jembamba la alumini ndani, na mzigo wa shinikizo hubebwa na nyuzi zilizogandishwa kwa gundi ngumu kwa nje. Mingi huundwa ikiwa na ukomo wa maisha, mara nyingi miaka 15 tangu siku ya kutengenezwa, na ukomo huo ukifika hakuna mpimaji anayeruhusiwa kuuongeza hata kama mtungi unang'aa kama mpya. Zimamoto huiondoa kazini kwa sababu hiyo. Iko pia mitungi ya kaboni isiyo na ukomo, na ndiyo maana lebo iliyofunikwa na gundi hiyo ngumu ni kitu cha lazima: humo ndimo mlimo mwezi na mwaka wa kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi ikiwa ipo, namba ya mtungi na shinikizo la kazi. Mitungi ya huyu bwana huja ikiwa imevishwa mfuko wa kitambaa ulioshonwa vizuri, na chini ya mfuko huo lebo ya asili imebandikwa stika nyingine juu yake. Mmoja tuliouvua mfuko ulikuwa umemaliza muda wake miaka kadhaa iliyopita. Mpimaji hakuuweka hata kwenye mashine.

Ya namna ya pili inanitisha zaidi. Ni mitungi ya zamani ya wazamiaji, ya alumini, iliyopakwa rangi mpya nyeusi na kutangazwa kuwa ya baa 232. Mpimaji alipokwangua rangi kwenye bega la mmoja wao alikuta alama za Marekani, na shinikizo la kazi lililogongwa pale lilikuwa 3000, yaani pauni kwa inchi mraba, ambazo ni kama baa 207. Kwa hiyo mnunuzi angekuwa akiujaza kupita kiwango chake kila safari. Mwaka uliogongwa nao ulikuwa wa kabla ya 1988, na hilo lina maana yake: mitungi mingi ya alumini ya Marekani ya kipindi hicho ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa metali uitwao 6351, ambao baadaye ulijulikana kuwa na tabia ya kupata nyufa kwenye shingo na bega, nyufa zinazoendelea kukua polepole hata mtungi ukiwa umekaa tu kwenye kona ukiwa umejaa. Rangi yenyewe pia si jambo dogo. Ikiwa ni ile ya unga inayookwa kwenye tanuri, joto lake linaweza kupita nyuzijoto 175 za Selsiasi, na alumini iliyofikishwa huko hupoteza ugumu iliopewa kiwandani bila kubadilika sura.

Bado kuna valvu. Mitungi ya Marekani ya aina hiyo ina shingo yenye meno ya skrubu ya kipimo kiitwacho robo tatu inchi (ni jina tu la kipimo cha mabomba, upana wake halisi ni kama milimita 26), ilhali valvu zinazopatikana kwa wingi Ulaya ni za M25, yaani kipenyo cha milimita 25 na hatua ya milimita 2 kati ya jino na jino. Valvu ya M25 ni nyembamba kidogo tu kuliko tundu lile, kwa hiyo huingia, hukaza, oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) huziba, na mtungi unaweza kujazwa bila kuvuja, ingawa meno yameshikana kwa ncha tu. Wazamiaji wanalijua kosa hili kwa uchungu, kwa kuwa valvu zilizochanganywa hivyo zimewahi kuruka na kuua. Fanyeni hesabu wenyewe: eneo la kitako cha valvu ni karibu sentimita mraba 5, na kwa baa 207 hewa inaisukuma valvu kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja, na mnunuzi anakuwa ameinama juu yake akifunga mpira wa kujazia. Valvu tuliyoikuta kwenye mtungi ule ilikuwa M25.

Muuzaji akiulizwa kuhusu haya yote ana jibu moja, nalo ni video. Anakutumia picha ya mtungi ukiwa umefungwa geji, mshale ukiwa umetulia kwenye 300, na anakuambia umekaa hivyo wiki nzima bila kushuka, sasa unataka ushahidi gani tena? Naomba kila msomaji alielewe jibu hili vizuri kwa kuwa ndilo linalowashawishi hata watu waangalifu. Kushika hewa ni kipimo cha oringi na kiti cha valvu, si cha ukuta wa mtungi. Mtungi wenye ufa shingoni, mtungi ulioisha muda na mtungi wenye valvu isiyo yake yote inaweza kushika hewa vizuri hadi dakika ya mwisho. Kinachopima ukuta ni kipimo cha shinikizo la maji, ambacho mtungi hujazwa maji na kusukumwa kupita shinikizo lake la kazi, kwa kawaida mara moja na nusu, huku mpimaji akikagua kama ukuta umehimili. Hutumiwa maji kwa sababu hayabanwi kama hewa, hivyo mtungi ukipasuka hapo haurushi vipande. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hewa hadi baa 232 umebeba karibu lita 2,780 za hewa zinazotaka kutoka, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kupasukia kwenye karakana ya mpimaji na kupasukia ndani ya gari lako.

Hapa Uingereza kipimo hicho hufanywa kwa kawaida kila baada ya miaka 5, na mtungi unaozamishwa majini hukaguliwa ndani pia kila miaka 2 na nusu. Duka la wazamiaji linalojiheshimu halitajaza mtungi uliopitwa na tarehe, na ukikataliwa usimkasirikie muuza duka, kwani anailinda familia yake na yako.

Huyu bwana analijua hilo, na ushauri wake kwa aliyekataliwa dukani ndio ulionifanya niketi kuandika tahadhari hii. Amewaambia watu wawili ninaowafahamu wajazie oksijeni kutoka mitungi ya mafundi wa kulehemu, kwa madai kwamba ni hewa ileile ila safi zaidi. Si hewa ileile. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 tu, na oksijeni tupu kwa shinikizo kubwa inaweza kuwasha grisi au mafuta kidogo tu yaliyobaki ndani ya valvu, kwa joto linalotokana na mbano wenyewe bila cheche yoyote kutoka nje. Ndani ya bunduki kuna grisi na kuna mipira. Bunduki ya namna hii hujazwa hewa kavu na safi peke yake. Si oksijeni na si gesi yoyote inayoweza kuwaka, hata mara moja kwa dharura. Hata oringi za kifaa cha hewa hulainishwa kwa grisi ya silikoni na si ya mafuta ya petroli.

Kuhusu vyeti, anavyo. Anatuma picha ya cheti cha upimaji chenye muhuri, ila namba ya mtungi iliyoandikwa pale haipo kwenye mtungi utakaoupokea. Mnunuzi adai picha za karibu za alama zilizogongwa kwenye bega au za lebo ya asili, mfuko ukiwa umevuliwa, kisha apige simu kwa kituo kilichotajwa kwenye cheti na kuwasomea namba hiyo. Mitungi iliyoidhinishwa Ulaya hubeba pia alama ya herufi ya Kigiriki π ikifuatwa na namba ya tarakimu nne ya taasisi iliyoidhinisha. Muuzaji mkweli atakupa picha hizo kabla hujamaliza kuuliza. Huyu wetu hukasirika, hukuambia una roho ya kutoaminiana na Waswahili wenzako, kisha hushusha bei. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mitungi yake imetembea makundi karibu yote ninayoyajua.

Malipo anataka kwa njia ya benki moja kwa moja, au kwa ile njia ya kutumiana pesa baina ya marafiki na familia, ambayo haina kinga ya mnunuzi. Kadi ya mkopo anaikataa, na ana sababu, kwa kuwa manunuzi ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000 kwa kadi hiyo humwezesha mnunuzi kuidai benki yake pia, si muuzaji tu. Anajitangaza kuwa mtu binafsi anayeuza kifaa chake kimoja alichokichoka, ilhali mtu anayeuza mtungi baada ya mtungi kwa faida ni mfanyabiashara mbele ya sheria, na aliyenunua kwake kwa mbali ana haki ya kughairi ndani ya siku 14 tangu kupokea mzigo. Andikeni madai hayo kwa maandishi na mhifadhi mazungumzo yote, pamoja na tangazo lenyewe kabla hajalifuta.

Aliyekwisha kununua kwake asiujaze tena mtungi huo, asiuuze kwa mwingine hata kwa hasara, na asijaribu kufungua valvu kwa spana. Ikiwa umejaa, usiusafirishe. Mpigie simu mpimaji wa mitungi aliye karibu nawe, umsomee alama zilizopo, naye atakuelekeza namna ya kuutoa upepo pale ulipo. Ikiwa ni mtungi wa alumini uliopakwa rangi upya, mwambie mapema kwamba huna hakika valvu ni yake, kwa sababu hilo linabadilisha ushauri atakaokupa. Mtungi ukikataliwa kwenye kipimo, mwombe mpimaji auharibu palepale na akupe maandishi ya sababu.

Kwa maandishi hayo pigeni simu ya walaji ya Citizens Advice mkiwa England au Wales, ambao hupeleka taarifa kwa Trading Standards, wasimamizi wa biashara wa eneo lenu. Walioko Scotland wanahudumiwa na Advice Direct Scotland. Tajeni namba ya mtungi, namba zote za simu alizotumia muuzaji na akaunti mliyolipia. Mwenye picha ya mtungi wake na angependa tuusome pamoja kabla ya kwenda kwa mpimaji anaweza kuiweka hapa chini, ila afiche anwani yake ya nyumbani kwanza.