Miezi 14 Ndani ya Klabu ya Wasomaji wa Riwaya

Nimekuwa mwanachama wa klabu moja ya wasomaji wa riwaya kwa miezi 14, na katika muda huo tumesoma riwaya 12, moja kwa mwezi, ukiondoa miezi miwili ambayo kikao hakikufanyika. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya kasoro nitakazozieleza tulikwishazijadili wenyewe kwa wenyewe na nyingine zinaendelea kurekebishwa. Utaratibu wake, hata hivyo, nitaueleza kwa kirefu, maana anayetafuta klabu ya kujiunga nayo huanza kwa kuuliza wanasoma vitabu gani, ilhali swali lenye faida zaidi ni jinsi wanavyozungumza wakishavisoma.

Klabu hii inategemea kanuni moja, nayo ni kwamba maoni yasiyo na mahali pa kuyashikia kitabuni husubiri. Mtu akisema kwamba msimulizi haaminiki, au kwamba mwisho wa hadithi umelazimishwa, huulizwa "Wapi?" na kila mmoja hufungua kitabu chake. Kwa kuwa tuna nakala za matoleo mbalimbali na namba za kurasa hazilingani, tumezoea kutaja sura pamoja na maneno ya mwanzo ya aya. Siku za kwanza zoezi hili lilinichosha, kwani mzungumzaji alilazimika kunyamaza huku watu 10 wakipekua kurasa, lakini baadaye nilitambua kwamba ni katika kupekua huko ndipo wengi wetu hukutana na sentensi tulizoziruka tulipokuwa tukisoma kwa haraka usiku wa kuamkia kikao.

Kikao kilichonifanya nibaki kilikuwa cha tatu kwangu, tulipoijadili Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971 na ambayo kwa kipindi fulani ilipigwa marufuku shuleni. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye huandika maoni yake kwenye daftari kabla ya kuyasema, alitangaza kwamba Rosa alijiharibia maisha mwenyewe na kwamba kumtafutia mtu mwingine wa kulaumiwa ni kumdharau. Wengi waliitikia kwa vichwa. Ndipo dada mmoja, ambaye hadi siku hiyo nilikuwa nimemsikia akitoa salamu tu, akasema, "Samahani, Mwalimu, naomba utusomee pale Zakaria anapompiga mwanawe Rosa kwa sababu ya barua." Mwalimu alivaa miwani, akapatafuta, akaanza kusoma kwa sauti ya darasani, kisha sauti ikawa inashuka kadiri alivyoendelea, na alipofika mwisho wa aya alikaa kimya kidogo huku kidole kikiwa bado juu ya mstari. Msimamo wake hakuuacha. Alisema tu, "Haya, mwanangu, niongezee mshtakiwa wa pili." Kuanzia hapo tulitumia karibu saa nzima kujadili jambo ambalo hakuna aliyekuja nalo: je, mwandishi anapotuonyesha mapema ukatili wa baba, anatuzuia tusimhukumu binti, au anatutega ili baadaye tumhukumu na tujionee haya?

Utaratibu mwingine ninaousifu ni wa alama. Kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, kila mmoja huandika alama yake kati ya 1 na 10 kwenye kipande cha karatasi na kukikunja, kisha karatasi zote husomwa kwa pamoja. Nimegundua kwamba wastani hauna maana yoyote. Riwaya ambayo wote tuliipa 7 tuliimaliza kwa dakika 40 za kusifiana ladha, wakati ile iliyopata 9 mbili, 3 tatu na nyingine zikatawanyika katikati ilitufanya tuondoke tukiwa bado tunabishana mlangoni. Aliyeandika 3 akijua kwamba jirani yake ameandika 9 hulazimika kueleza alichokiona, na pengine hugundua kwamba kilichomkera ni mhusika, si uandishi. Mambo hayo mawili huchanganywa mno na wasomaji, nami nikiwa mmojawapo.

Sasa kasoro. Kwa muda mrefu mwenyekiti alikuwa anafungua kikao kwa hukumu yake mwenyewe, na kwa kuwa ni msomaji mzuri mwenye ufasaha, watatu au wanne waliomfuata walijikuta wakirudia maneno yake kwa namna nyingine. Karatasi za alama zilisaidia, lakini hali ilibadilika kweli pale alipokubali kuzungumza mwisho. Kasoro ya pili bado ipo: wasiomaliza kitabu huruhusiwa kuhudhuria, jambo ambalo silipingi, ila hupewa nafasi sawa ya kuzungumzia mwisho wa hadithi wasioufikia, na hujaza pengo hilo kwa visa vya maisha yao. Kisa cha maisha kinaweza kuiangaza riwaya, lakini dakika 20 za talaka ya binamu zilitupeleka mbali sana na msuko tuliokuwa tukiuchambua. Tena kuna mwanachama aliyetufichulia siri nzima ya mwisho katika ujumbe wa kukumbushana siku ya kikao. Sidhani kwamba alikusudia, na sidhani kwamba nimemsamehe.

La mwisho ni dogo, ingawa linanikera kuliko yote. Tangu mmoja wetu atufundishe istilahi za mhusika bapa, yaani mwenye sifa moja isiyobadilika, na mhusika duara, yaani mwenye sura nyingi na anayeweza kutushangaza, neno "bapa" limekuwa tusi la klabu, na kila mhusika asiyebadilika hutupiwa neno hilo kana kwamba ni kosa la mwandishi. E. M. Forster, mwandishi wa riwaya Mwingereza aliyezieneza istilahi hizo katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927, hakuwadharau wahusika bapa kwa kiasi hicho. Alionyesha kwamba msomaji huwatambua mara wanapoingia na huwakumbuka kwa urahisi baadaye, na kwamba riwaya yenye uzito huhitaji aina zote mbili. Jirani mchongezi anayetokea mara nne katika hadithi, kila mara akiwa na umbea uleule, hana haja ya kuwa na utoto wenye majeraha. Nimelisema hilo kikaoni mara mbili, na mara zote mbili niliulizwa "Wapi?", kwa haki kabisa.

Anayependa kuambiwa kwamba ameelewa vizuri hatafurahi hapa, na anayesoma ili apumzike atauona ulazima wa kufungua sura na aya kuwa mzigo. Kwa msomaji anayetaka kujua kwa nini kitabu kilekile kilimliza yeye na kumchosha mwenzake, ada ya mwanachama, ambayo ni kumaliza riwaya moja kwa mwezi, inalipa. Mwezi ujao zamu ya kuongoza ni yangu. Nimechagua riwaya ambayo sikuipenda nilipoisoma mara ya kwanza, na karatasi yangu yenye 4 nimekwisha kuikunja, ingawa tangu jana usiku, nilipoirudia sura ya pili, nimekuwa nikishawishika kuikunjua.