Michembe sahani elfu nane Mwanza: kipi ule, kipi uache

Haya jamani, kuna mgahawa umefunguliwa Mwanza, upande wa kuelekea Capri Point, wanauza vyakula vya kijijini, yani vile tulivyokua tunakula kwa sababu hakukua na kingine. Jina siliweki hapa maana nina ya kusifia na nina ya kuponda, na wenyewe ndo kwanza wanaanza. Niseme mapema tu, panafaa kwenda. Ila sio kila kilichoandikwa kwenye menyu ni cha kuagiza, na ukikosea kuagiza utatoka pale unawaza ile hela ungenunua kuku mzima.

Mi nimekulia Usukumani, na utoto wangu umeangukia miaka ya 1980 mwanzoni, ile ya foleni za RTC, yale maduka ya kampuni za biashara za mikoa, na maduka ya ushirika, sukari kwa mgao, sabuni mpaka uwe unajuana na mtu, watu wanafulia majani ya mpapai. Kwahiyo nikiona mtu ameandika "ladha ya utotoni" kwenye kibao huwa naingia na roho ya ukaguzi.

Nianze na michembe maana ndo ilinipeleka. Kwa wasiojua, ni viazi vitamu vibichi, unamenya, unakata vipande vyembamba, unaanika juani mpaka vikauke kabisa. Matobolwa ni ndugu yake, ila yale unachemsha kiazi kwanza ndo unakata unaanika. Vyote ni akiba ya njaa. Viazi vikivunwa kiangazi kinapoanza havikai, vitaoza, kwahiyo vinakaushwa vinaingia ghalani na ndo nyumba itakula ile miezi ya mbele mahindi yakikata. Kwetu tulianika juu ya majabali, si unajua Mwanza yote mawe, jiwe linashika joto mpaka huwezi kukanyaga, na kazi ya sisi watoto ilikua kukaa pale na fimbo kufukuza mbuzi na kuku, na kila ukifukuza mbuzi unajichotea kipande kimoja cha mshahara.

Sasa hawa wa mgahawa michembe wameipatia, tena wameipatia haswa. Sahani elfu nane, nikaguna, ila ilivyofika nikanyamaza. Imeiva hadi ndani, haijavurugika, imechanganywa na karanga za kutwanga, sio ile siagi ya karanga ya kopo, karanga zenyewe unaziona na vipande vipande, na pembeni maziwa ya mgando kwenye kibuyu kidogo. Kibuyu ni mbwembwe ila maziwa yalikua ya kweli, mazito, yana ule uchachu. Nikaomba nimsalimie mpishi, wakanipeleka nyuma, nikamkuta mama mtu mzima wa Magu amekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeshiba?"

"Nimeshiba mama. Hii michembe umeloweka?"

"Toka jana jioni. Ukiiharakisha inaiva nje, katikati inabaki ngumu."

Basi pale nikaelewa kila kitu kuhusu ile sehemu, na nikirudi kwenye menyu yao nzima ni hivohivo: chakula chochote alichoachiwa huyu mama na muda wake ni kizuri, na chakula chochote ambacho mwenye mgahawa ameona ni cha kimasikini mno akaamua akiongezee hela, kimeharibika. Maana vile vyakula havikua vya hela, vilikua vya muda. Jua, kuloweka, kutwanga, magadi, moto mdogo. Hela ilikua haipo, ila asubuhi nzima ilikuwepo, na bibi alikuwepo.

Mlenda kwa mfano, mzuri sana. Umepikwa na magadi kidogo, unavutika, una karanga, hakuna mafuta hata tone, na ndivyo inavyotakiwa. Dada yangu niliyekwenda naye alimaliza wa kwake akahamia kwenye wangu. Nsansa pia ipo, yale majani ya kunde ya kukausha, inakuja kwenye kibakuli, nyeusi, haivutii kabisa kwa picha na nashukuru hawajajaribu kuipamba. Chachu kidogo, chungu kidogo, karanga ndo zinaibeba. Watu wanadhani karanga kwenye mboga ni mapishi ya kisasa ya afya, hapana, karanga zililimwa nyumbani na mafuta yalinunuliwa dukani, hesabu ndo hiyo.

Ugali wa udaga nao nampa mama alama zote. Rangi ya kijivu, mzito, unanata, una ile harufu yake ya muhogo uliovundikwa ambayo kama hukukulia nayo utadhani kuna kitu kimeharibika jikoni. Huu naomba watu wasiuchukulie poa. Muhogo mchungu una sumu, na kule kuvundika, kuloweka na kukausha sio mapambo, ndo kunatoa sumu. Tarime mwaka 1985 njaa ilipobana watu wakafupisha hizo siku, na wengi, hasa watoto na kina mama, wakapooza miguu, ugonjwa unaitwa konzo, na haurudi nyuma, ukikupata umekupata. Kwahiyo nikisikia mtu anasema chakula cha zamani kilikua salama tu kwa sababu ni cha asili huwa nataka kuuliza asili ipi. Kilikua salama kwa sababu kuna mtu alikua anajua anachofanya na hakuwa na haraka.

Sasa tuje kwenye dagaa. Eeh, dagaa.

Elfu kumi. Dagaa wa Mwanza, ndani ya Mwanza, ziwa unaliona kwa dirisha, wamepikwa na NAZI. Tui zito, hoho za rangi tatu, karoti, na mafuta yanaelea juu. Mi sina ugomvi na nazi, nimeishi Tanga nimekula dagaa wa nazi nikalamba vidole, lakini pale ni Tanga. Nazi Usukumani tuliionea wapi? Kwetu mafuta yalikua ya pamba, ya kupima, yana harufu yake, na mama alikua anamwaga kijiko kimoja kwenye sufuria anakitazama kama anakiaga. Dagaa unawatoa vichwa maana vinaleta uchungu, unawaosha na maji ya moto mara nyingi kwa sababu walianikwa mchangani, hata ufanyeje utatafuna chembe mbili tatu za mchanga, siku hizi wanaanikwa kwenye vichanja ndo afadhali. Halafu unawakaanga wakavu wakavu mpaka wanalia, nyanya moja, maji kidogo, chumvi, funika. Basi. Ukitia vyote vile vya mgahawani dagaa anapotea, unabaki unakula mchuzi wenye macho.

Nilimwambia kijana aliyetuhudumia, kwa upole tu, akanijibu "wageni wengi wanapenda hivyo mama." Sawa, sikubishana. Na wageni wenyewe niliwaona, wazungu wawili watatu, watu wa mashirika wenye vitambulisho shingoni, na wengine wengi ni wa rika langu wamekuja na watoto wao kuwaonyesha "mimi nilikua nakula hivi", watoto wanaangalia simu.

Halafu kuna kiporo. Kwenye menyu kimeandikwa kabisa "Kiporo cha Asubuhi", elfu sita na chai. Nikamuuliza kijana, kiporo cha lini? Akasema "cha leo mama, sisi hatuuzi chakula cha jana." Nilicheka mpaka meza ya jirani wakageuka. Namuelewa, bwana afya akikuta wanauza cha jana wanafungiwa, ila sasa kwanini ukiite kiporo? Kilichokuja ni ugali mpya uliopozwa kwenye friji, umekatwa vipande vya pembe nne, umekaangwa na siagi, una sosi ya pilipili pembeni. Ni kitafunwa kizuri tu, kama wangekiita jina lingine ningekila bila maneno. Ila kiporo cha ugali kinachomwa kwenye makaa ya asubuhi mpaka kinaota ganda, na utamu wa lile ganda ni kwamba ugali umelala usiku kucha umekauka juu. Usiku ule huwezi kuuagiza jikoni.

Na nidokeze pia, utamu mwingine wa kiporo ulikua ni kwamba kimebaki. Nyumba ya watoto saba, ugali kubaki ni habari. Anayeamka wa kwanza ndo anakila. Mi nilikua naamka saa kumi na moja, watu wanadhani napenda shule.

Chai yenyewe ni nzuri, ya rangi, ina tangawizi ya kutwanga. Wameweka bakuli la sukari limejaa katikati ya meza, kila mtu ajichotee, na dada yangu akaliangalia akasema "hili lingekua kwetu 83 tungeitwa wahujumu uchumi," maana mwaka ule serikali ilikua inasaka wanaoficha bidhaa. Enzi hizo uji ulikua unanyweka na chumvi na hakuna anayeuliza. Uji wao wa mtama wenye ukwaju, elfu tatu, unywe, usiuache, una ugwadu wa kweli na haujajazwa sukari, sukari unaongeza mwenyewe.

Kitu kimoja nilikitafuta kwenye menyu sikukiona, nikajua sitakiona: mapanki. Viwanda vya minofu ya sangara vilipoanza Mwanza, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya na sisi tunabaki na mifupa na vichwa, vinakaangwa, vinauzwa sokoni kwa bei ya chini. Tumevila. Na hakuna mgahawa utakaokuuzia mapanki kama kumbukumbu tamu, wala ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani ambao watu waliupa jina kwa sababu ya jezi za njano za timu ya Yanga. Wazee wangu mpaka leo ukiwatajia yanga kwa maana ya unga wanakunja uso, hata walio wanachama wa timu. Naona tumechagua vya kukumbuka. Tunakumbuka vile vilivyopikwa kwa ustadi wa nyumbani, vile tulivyopewa kwa kukosa hatuvikumbuki hivyo. Furu, wale visamaki vidogo vya ziwani, wamewaandika kwenye menyu, nikawaagiza, nikaambiwa "furu hawapo, wameisha." Hilo ndo jibu la kweli kuliko yote niliyopewa siku hiyo, sangara alishawamaliza wengi tangu sisi tuko shule ya msingi.

Mandhari sasa. Pazuri, upepo wa ziwa upo, viti vya miti, vyoo visafi na maji yanatoka, hilo nalisisitiza maana sio kila mahali. Wahudumu wana adabu ila wapole mno, tulisubiri kama saa nzima, na menyu haisemi kwamba michembe na makande lazima upige simu mapema ujue kama vipo. Wameweka mafiga matatu na chungu kikubwa pale mlangoni kwa ajili ya picha, kumbe ndani wanatumia gesi, sina shida nayo, moshi wa kuni ulishatutoa machozi ya kutosha, na mama wa Magu anastahili gesi. Muziki uko juu sana. Ukiwa na wazee kaa upande wa nje.

Makande hatukuyakuta, yanapikwa jumamosi tu. Waliokula wanasema yana magadi na maharage yameiva vizuri, ila mi nimesoma bweni, makande na mimi tulishamalizana, hata yangekuwepo nisingeagiza.

Kama unaenda basi agiza michembe na maziwa ya mgando, mlenda au nsansa na ugali wa udaga, uji wa ukwaju. Ukitaka samaki kula sato wa kuchoma, wa kawaida tu ila mbichi, katoka ziwani. Kiporo achana nacho. Matobolwa wanauza makavu kwenye mifuko pale kaunta, elfu nne kifuko, hayo mbebee mtu, watoto wa dada yangu walioishi Dar maisha yao yote waligoma mlenda kwa umoja wao ila matobolwa waliyamaliza kwenye gari kabla hatujafika Nyakato. Lipa namba ipo. Parking ndogo.

Na dagaa, tafadhali, usiwale pale. Shuka Kirumba karibu na mwalo, mama ntilie wamejaa, unakula dagaa wakavu na ugali wa moto kwa elfu mbili, elfu mbili na mia tano. Ila uangalie mwezi kwanza, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawaingii maana taa zao hazivuti dagaa, wanapanda bei na utapimiwa vijiko viwili.