Banda la Kuni Lisilo na Bango: Tathmini ya Mteja wa Njombe

Kwa misimu mitatu ya baridi sasa nimekuwa nikinunua kuni katika banda dogo lililo pembezoni mwa mji wa Njombe, kwenye barabara iendayo Makambako, na kwa kuwa wageni wangu huniuliza mara kwa mara ninapopata kuni zisizojaza moshi sebuleni, nimeona heri niandike tathmini kamili kuliko kuendelea kumjibu kila mmoja kwa wakati wake. Banda hilo halina jina wala bango. Utalitambua kwa uchaga mrefu ulioezekwa bati na kuachwa wazi pande zote, na kwa mama mwenye banda, ambaye karibu kila nipitapo huwa anapanga kuni au anachanja vibanzi vya kuwashia moto.

Nieleze kwanza matumizi yangu, maana kuni zinazomfaa mtu mmoja huenda zisimfae mwingine. Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinane. Chakula tunapika kwa gesi. Kuni zinakwenda mahali pawili tu, yaani kwenye meko ya ukutani ya sebuleni, ambayo ina dohani, na chini ya pipa la kuchemshia maji ya kuoga. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku wake hushuka chini ya nyuzi joto 10, kiasi kwamba mgeni aliyepanda basi Dar es Salaam akiwa na shati jepesi husogeza kiti kando ya moto kabla hata ya kuulizia ufunguo wa chumba. Kwa hiyo moto wa sebuleni ni sehemu ya huduma ninayouza, na ukifuka moshi, lawama ni zangu, si za muuza kuni.

Lawama hizo nilizipata. Kabla ya kulijua banda hili nilinunua tripu nzima ya kuni kwa muuzaji mwingine, ambaye sina haja ya kumtaja, aliyeniapia kwamba zilikuwa zimekaa juani tangu zamani. Zilikuwa zimekaukia nje tu. Tulipoziwasha zilitoa povu kwenye ncha, zikafoka kama sufuria ya uji, na wageni wawili waliokuwa wamelipia usiku mbili wakahamia kwingine asubuhi yake. Nilizimalizia chini ya pipa la maji, na hata huko maji yalichelewa kupata moto.

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na maji hayo lazima yageuke mvuke kwa kutumia joto la ukuni huohuo. Kilo moja ya kuni za namna hiyo hukuachia joto la megajuli 8 hivi, ilhali kilo moja ya kuni ambazo maji yake yamebaki sehemu ya tano tu ya uzito hukupa megajuli 14. Joto linalopotea ni nusu ya tatizo. Moto wa kuni mbichi hauna ukali wa kuunguza moshi wake wenyewe, hivyo moshi unapanda dohani ukiwa umebeba lami, lami inaganda ukutani mwa dohani, na siku moja ile lami yenyewe inaweza kushika moto. Kwa hiyo ninapomtathmini muuza kuni, swali langu la kwanza ni la ukavu, na bei hufuata nyuma kabisa.

Kwa hilo banda hili halina mshindani miongoni mwa niliowajaribu. Kuni nilizochoma Julai hii zilikatwa mwaka jana, mvua zilipoisha, zikachanjwa zingali mbichi, zikapangwa uchagani ncha zikielekea upepo unakotoka, kwa sababu maji hutoka kwenye ncha kwa urahisi kuliko ubavuni. Zilikauka kiangazi chote, kisha zikavuka masika chini ya bati. Kwenye kila sehemu ya uchaga mama huyo ametundika kibao alichoandika kwa mkaa mwezi na mwaka wa kukatwa. Ni uchaga wa kwenye methali, ule ambako kuni huzicheka zile zilizoko motoni, ila hapa zamu ya kila moja imeandikwa. Ziara yangu ya pili nilinyoosha mkono kwenye fungu lililonivutia kwa unene wake, naye akanizuia: “Dada, hizo usiguse, bado mbichi. Ukizichukua leo, kesho utanirudia na maneno.” Mteja nikiwa na fedha mkononi, yeye akaona afadhali nisubiri. Nilipomwuliza nitajuaje siku nyingine asipokuwepo, aliokota kuni mbili akazigonganisha. Zilizokauka hulia mlio mkali, wazi, na mbichi hutoa mlio mzito uliomezwa. Ncha za kuni kavu pia huwa na mipasuko inayotawanyika kutoka katikati.

Mtu anayetaka kufungua biashara ya namna hii aitazame vizuri hesabu iliyomo hapo, kwa sababu ndiyo inayowashinda wengi. Shoka na msumeno si gharama kubwa. Gharama ni kumlipa mwenye shamba leo, kumlipa mchanjaji leo, kisha kukaa karibu mwaka mzima ukizitazama fedha zako zikiwa zimepangwa uchagani, huku jirani yako akiuza mbichi na kula faida wiki hiyohiyo. Mama huyo aliniambia kwamba mwaka wa kwanza aliuza nusu ya kuni zake mbichi ili apate ada ya shule, na nusu aliyoihifadhi ndiyo iliyomletea wateja wanaorudi.

Aina ya mti nayo ni ya kusifiwa. Sehemu kubwa ya kuni zake ni miwati, mti ambao ukanda huu umeuzoea tangu kampuni ya miwati ilipoanzishwa hapa mwaka 1949 kwa ajili ya magome yake, ambayo hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Miwati yake huja ikiwa imekwisha kumenywa magome, hivyo hukauka upesi, haiachi takataka sakafuni wala haifichi wadudu chini ya gome. Ni mti mzito, unaochanjika bila ubishi, na kaa lake hudumu. Magogo matatu niliyoweka saa tatu usiku bado yana makaa mekundu nikiamka alfajiri, nikiwa nimeyafukia majivu. Huuza pia mikaratusi, ambayo kwa sebuleni siipendi sana, lakini chini ya pipa la maji inafaa vilevile na bei yake ni nafuu.

Vibanzi vya kuwashia moto hutengenezwa kwa mabanzi ya misonobari yanayobaki kwenye viwanda vya kupasulia mbao. Utomvu wa msonobari hushika moto kwa kiberiti kimoja, bila mafuta ya taa. Havifai kuachwa viwake peke yake muda mrefu, maana huacha masizi mengi, na yeye mwenyewe humwonya kila mteja mpya kwamba ni vya kuanzishia tu. Huvifunga mafungu kwa ukanda wa gome la mwati, jambo lililonifurahisha kuliko inavyostahili. Jambo la uzito zaidi ni kile anachokataa kukinunua. Katika mkoa wetu zimo pia karakana za kutibu nguzo za umeme, na vipande vinavyokatwa kwenye nguzo hizo, ambavyo unaweza kuvitambua kwa rangi ya kijani iliyopenya kwenye mbao, hupatikana kwa bei ya kutupa. Dawa inayotumika sana kwa nguzo ina shaba, kromiamu na aseniki, na sumu hiyo haiteketei motoni: sehemu hutoka na moshi na sehemu hubaki kwenye majivu, ambayo watu wengi hapa huyamwaga bustanini kwenye mboga. Nilimshuhudia akimrudisha kijana aliyemletea toroli zima la vipande hivyo, bila kelele, akimweleza sababu.

Kuhusu kipimo, huwa napeleka kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo, na kuni hupangwa garini moja moja badala ya kurushwa. Tofauti si ndogo. Kuni zilizorushwa zinaweza kujaza gari lilelile kwa theluthi mbili tu ya zile zilizopangwa, na mteja anayehesabu tripu bila kutazama upangaji hudhani amepunguziwa bei. Julai hii nililipa shilingi 55,000 kwa kirikuu ya miwati mikavu, na shilingi 2,500 kwa kila kiroba cha vibanzi. Kuna wanaouza tripu kwa bei ya chini zaidi ya hapo. Nami nilikwisha kuwanunulia.

Kasoro zipo, na ya kwanza ni urefu. Meko yangu hupokea ukuni wa sentimita 40, lakini kwa kuwa msumeno wao hukata kwa makadirio ya macho, katika kila tripu napata kuni kadhaa zinazozidi nusu mita, nami nalazimika kumlipa kijana azikate upya. Nimelisema hili mara mbili. Kijiti kimoja cha kupimia kingemaliza tatizo, na sielewi kwa nini mtu mwenye uangalifu wa kuandika mwezi wa kukatwa hajakiweka. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi kwa anayenunua kidogo kidogo: ifikapo Machi kuni kavu humwishia, naye hana utaratibu wa kuwawekea akiba wateja wa kudumu, hivyo anayewahi ndiye anayepata. Viroba vya vibanzi navyo si sawa. Kimoja kati ya vinne nilivyonunua mwisho kilikuwa na maranda chini. Risiti ni ya kuandikwa kwa mkono, lakini hati ya kusafirishia mazao ya misitu huwa anayo na huionyesha bila kuombwa, jambo lililotuokolea muda njiani siku moja tulipofika kwenye kizuizi.

Niliwahi kujiuliza kama biashara hii ina muda mrefu wa kuishi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilikwisha kuagizwa kuachana na kuni na mkaa. Kwa maelezo yake, shule iliyokuwa ikichukua kuni zake malori kwa malori iliacha, na kwa miezi michache hakujua afanye nini. Kisha akaanza kuchanja kuni nyembamba kwa ajili ya watu wa meko za sebuleni, wachoma nyama na nyumba za wageni kama yangu, ambao hununua kidogo lakini hawakubali kuni mbichi. Kwa wateja wa aina hiyo uchaga wake una maana ambayo jikoni mwa shule haukuwa nayo, kwa sababu kule mpishi alichoma chochote kilicholetwa.

Wiki iliyopita nilimwachia malipo ya awali ya tripu mbili za msimu ujao, nikamkabidhi na kijiti cha sentimita 40 nilichokikata mwenyewe. Alikipima kwa shibiri, akacheka, akakichomeka kwenye uchaga kando ya kibao cha Juni.