Fainali ya Besiboli au Roki ya Progresivu?

Ukichagua burudani ya usiku kati ya hizi mbili, kwa ufupi wa muda muziki unashinda: wimbo mkuu wa Close to the Edge, albamu ya mwaka 1972 ya Yes, bendi ya roki ya progresivu (roki yenye nyimbo ndefu na tata), hujaza upande mzima wa santuri kwa dakika zipatazo 18, ilhali mchezo wa saba wa fainali ya besiboli ya Marekani ya 2016 ulidumu kwa zaidi ya saa nne. Kwa gharama pia, kwani santuri hubaki nyumbani na tiketi huisha usiku uleule. Lakini kwa mshangao, besiboli haina mpinzani: Rajai Davis wa timu ya Cleveland alisawazisha 6–6, mvua ikasimamisha mchezo, kisha wapinzani wao, Chicago Cubs, wakashinda 8–7 katika zamu ya ziada, ya 10, na kumaliza ukame wa miaka 108 bila ubingwa. Anayewahi kazini achague santuri. Anayestahimili uchungu walioupata mashabiki wa Cleveland, akeshe uwanjani.